Mji wa Makoti

Bibie wa tiketi alikuwa ametupa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita hapo, alisema, viti vitapewa wengine na sisi tutakwenda fungate yetu kwa miguu. Fundi, mchumba wangu, alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini kicheko cha meno tu, kwa sababu tangu siku ile sikupata usingizi wa maana.

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Baada yake, siku tano nje ya nchi, mimi na yeye peke yetu. Tulianza na sehemu sita, tukapunguza, zikabaki mbili: kisiwa alichokipenda yeye, na mji wa baridi nilioung'ang'ania mimi. Nyumbani kwetu mji ule hatukuuita kwa jina lake. Mama aliupa jina siku ya kwanza alipoona picha zake: mji wa makoti.

Ijumaa hiyo asubuhi nilikuwa kazini kwangu, chumba kimoja chenye vyerehani viwili, overloki na meza ya kukatia. Nilikuwa nashona suruali za walinzi wa benki, na kwa mawazo niliyokuwa nayo nikajikuta nimeunganisha mguu wa suruali hii na mguu wa suruali ile. Nikawa nafumua huku najisonya mwenyewe, Mama akaingia, Dada nyuma yake.

"Umeshachagua?" Mama aliuliza hata kabla hajakaa kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshachagua?"

"Bado."

"Kuna nini cha kuchagua hapo? Ni kule kwenye baridi. Watu wanavaa makoti mpaka mezani. Siku tano nzima hata kiwiko chako hatakiona."

"Na usiku, Mama?" Dada akauliza. "Watalala na makoti?"

"Usiku kuna taa, na taa huzimwa."

Dada akanitazama. Mimi nikatazama sindano.

Niseme mapema, maana ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Miaka minne nyuma niliondolewa titi la kushoto. Saratani. Nilipona, namshukuru Mungu, na kila miezi sita narudi kliniki wananipima, wananiambia niende salama. Wakati ule nilikuwa na mchumba, mwalimu wa hesabu. Nilipomwambia, alinishika mkono kwa upole mno, akaniomba wiki moja atulize akili. Wiki hiyo mpaka leo haijaisha.

Titi ninalovaa nililishona mwenyewe. Fundi wa nguo hashindwi na kitu kama hicho. Kitambaa laini cha pamba, tabaka mbili, ndani mtama uliokaushwa vizuri ili uzito ulingane na la upande wa pili. Ukinitazama huoni kitu. Lakini mtama ni mtama. Ukilowa unavimba, na ukikaa na unyevu siku mbili tatu, unaota. Ndiyo maana mtu aliponitajia kisiwa, bahari na nguo ya kuogelea, mwili wote ulinisisimka kwa woga.

Fundi hakujua lolote. Nilimfahamu miezi minane, tangu alipoleta ovaroli yake ya kazi iliyochanika begani na kukaa kwenye benchi lile lile akisubiri, akaniuliza kwa nini watu wananiita Sindano. "Kwa sababu nikichokozwa nachoma," nikamwambia. Kesho yake alileta ovaroli nyingine, nami niliona wazi kabisa kwamba hiyo ilichanwa kwa makusudi. Yeye ni fundi wa lifti za maghorofa. Mtu mpole, mikono mikubwa, macho yake hayana haraka. Hatukuwahi kuvuka mpaka wa kukumbatiana, na hata hapo nilikuwa natanguliza bega la kulia.

"Mimi nasema aambiwe leo," Dada alisema. "Mficha uchi hazai."

"Na mfunua uchi haolewi," Mama akajibu papo hapo. "Tulishafunua mara ya kwanza, tukaona. Kosa letu lilikuwa mdomo. Safari hii aolewe kwanza. Mtu akishaoa, ameshaoa. Atalia siku mbili, ya tatu atakula."

Nilishindwa kumkasirikia. Huyu ndiye aliyeniosha kidonda kile miezi miwili, asubuhi na jioni, bila kugeuza uso. Hakuwa ananificha kwa aibu. Alikuwa ananilinda kwa njia pekee aliyoiona.

"Makoti, mwanangu," alinisisitizia akiwa mlangoni. "Usiyumbe."

*

Fundi alikuja kunichukua saa nane u nusu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, lakini uso wake ulikuwa na mikunjo. Tukatembea. Kwa kawaida njia nzima huwa ananisimulia vituko vya watu waliokwama kwenye lifti, mmoja alianza kuandika wosia kwenye leso baada ya dakika kumi. Siku hiyo alinyamaza mpaka tukavuka barabara mbili.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mama yangu ameniuliza jambo."

Mama yake hakuwahi kunikataa waziwazi, ila alikuwa na namna ya kunitazama kama mtu anayekagua kitambaa akitafuta tundu. Nimemzidi mwanawe miaka miwili, na hilo peke yake lilimtosha kuguna.

"Jambo gani?"

"Ameuliza yule mwalimu alikuacha kwa nini. Anasema mwanamke mzuri, ana kazi yake, ana adabu, haachwi bure. Lazima kuna kitu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mwalimu wa hesabu akishindwa kujumlisha moja na moja, mimi hainihusu." Akatabasamu kidogo. "Lakini hakucheka."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Mlango ulifunguliwa mbele yangu, ningepiga hatua moja tu niingie. Badala yake nikaharakisha mwendo. Nikasema, "Tutachelewa, twende."

Ofisi ya tiketi ilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwepo, inafanya kazi, mlango wazi. Fundi akaipita.

"Siku yangu ya mapumziko sipandi," alisema. "Nikipanda nitaanza kusikiliza kamba zake, na nikisikia kitu nitashindwa kunyamaza."

Tukapanda ngazi. Kila ghorofa niliifanyia hesabu: nikifika juu namwambia. Nilipofika juu nikasema: tukikaa namwambia. Tukakaa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano.

Bibie wa tiketi alikuwa mchangamfu, kucha ndefu, miwani imening'inia shingoni kwa mkufu. Alitandika picha mbili mezani kama mtu anayegawa karata.

"Haya, maharusi wangu. Huku kisiwani, nimewawekea chumba ambacho mlango wake unafunguka mchangani. Mnaamka, hamjapiga hata mswaki, mnajitosa majini. Bibi harusi, wewe beba nguo ya kuogelea na kanga moja, basi. Begi lote la nini?"

Mkono wangu ulipanda kifuani wenyewe. Nikaushusha.

"Mimi nataka huku," nikagusa picha ya mji wa makoti.

Fundi akavuta pumzi. "Mpenzi wangu, nisikilize mara ya mwisho. Mimi kazi yangu ni kushinda kwenye shimo lenye giza. Juu chuma, chini chuma, kushoto ukuta, kulia ukuta. Siku tano tu, nataka nikae mahali pasipo na dari. Wewe unanipeleka kwenye mji wenye maghorofa arobaini arobaini. Nitaona nini huko? Nitaona lifti!"

Bibie akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani. Mimi sikucheka.

"Jua linaniumiza kichwa," nikasema.

"Jumapili ulikaa juani saa mbili ukitutazama tunacheza mpira. Hukuumwa."

"Maji ya chumvi yanaharibu nywele."

"Funga kilemba."

"Mchanga..."

"Mchanga una nini?"

Sikuwa na kosa la kuupa mchanga. Bibie, ambaye kwa kweli alikuwa na moyo mzuri, aliona tumekwama akaja kutuokoa. Akafungua droo, akatoa picha ya tatu.

"Subirini. Hapa hakuna mshindi wala mshinde. Mji huu ni wa baridi, milimani, makoti kama anavyotaka bibi harusi. Lakini una chemchemi za maji ya moto! Nje baridi, ndani ya maji joto. Watu wote wanaingia, wake kwa waume, mnakaa humo jioni nzima mvuke unawapanda. Maharusi wakienda huko hawataki kurudi."

"Hapo sote tumepata!" Fundi alipiga meza kwa furaha.

"Hapana!"

Lilitoka kwa sauti kubwa mno. Mzee mmoja aliyekuwa akijaza fomu kwenye dawati la pili aligeuka. Bibie akabaki na picha hewani. Fundi akanitazama, na yale macho yasiyo na haraka nikayaona yanabadilika, taratibu, kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Kwa hiyo si jua," alisema kwa sauti ya chini. "Wala si mchanga."

"Fundi..."

"Baridi unataka, ila yenye maji hutaki. Kisiwa hutaki. Kila mahali ambapo mimi na wewe tungekaa karibu, hutaki. Wiki mbili nimekuwa nikijiuliza, naogopa kuuliza. Sindano, unachagua mahali pa kwenda na mimi, au pa kunikwepa?"

"Sikukwepi."

"Hata ukinikumbatia unanipa bega."

Kumbe aliona. Siku zote aliona.

Alisimama, akamwomba radhi bibie kwa heshima, akatoka. Saa ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano.

*

Nilimkuta kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, ameegemea reli. Nilishuka ngazi sita hivi, nikasimama ngazi chache juu yake.

"Kaa," nikamwambia.

"Sikai. Sema."

"Yule mwalimu..."

"Bado unampenda." Alisema kama mtu aliyekwisha jibiwa. "Basi ungeniambia mapema, kabla mama yangu hajaanza kualika watu."

"Nisikilize basi! Alinikimbia kwa sababu nina titi moja!"

Sauti ilishuka na ngazi mpaka chini na kurudi. Chini kabisa mlango ulijibamiza.

Nilijiandaa kwa jambo moja: nilijua macho yake yataanguka kifuani, kama ya mwalimu yalivyoanguka. Hayakuanguka. Yalibaki usoni kwangu.

"Sema tena," alisema.

"Saratani. Miaka minne sasa. La kushoto walilikata. Hili unaloliona nimelishona mwenyewe, ni kitambaa na mtama. Nikiingia majini linavimba. Nikivua nguo utaliona kovu, ni refu, linaanzia hapa mpaka huku kwapani. Ndiyo maana nataka makoti. Si wewe ninayekukwepa."

Fundi alikaa. Alishika kichwa kwa mikono yake yote miwili.

"Nipe dakika," alisema.

Mwenzake aliomba wiki. Huyu kaanza na dakika, nikasema moyoni, lakini njia ni ile ile. Nikaanza kufikiria nitakavyomwambia Mama, nani atakayewapigia simu walioalikwa, gauni la harusi nitalifumua nilifanye nini. Dakika moja inaweza kubeba mambo mengi.

"Nani anajua?" hatimaye aliuliza, bado kainama.

"Mama. Dada. Na yule mwalimu."

"Mimi ningekuwa wa nne. Lini?"

"Mama alisema baada ya harusi."

"Sikukuuliza Mama alisema nini. Wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilikubali."

Alitikisa kichwa, na machozi yalikuwa yamemlenga. "Hapo ndipo panaponiuma. Si titi. Mimi nikiwa chini ya shimo, kuna mwenzangu juu. Kazi yake ni kuniambia ukweli. Akisema lifti imezimwa, nanyoosha mkono. Akinidanganya mara moja, nimekufa. Wengine hata hatupendani, hata hatualikani, lakini hilo hatufichani. Wewe ulikuwa uniache ninyooshe mkono gizani."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ndiyo, najua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini nina hasira, Sindano. Sitakudanganya na mimi. Nitakuwa na hasira leo, na kesho, pengine na keshokutwa."

"Kama unataka kurudi nyuma, rudi leo hapa hapa. Usiniombe wiki. Ya wiki siiwezi tena."

Alinyanyua kichwa ghafla, kama nimemtukana.

"Nirudi nyuma wapi? Nimesema nina hasira, sikusema naondoka. Hasira yangu itakaa hapa ulipo wewe. Haina pa kwenda."

Nilikaa. Si karibu naye. Ngazi moja juu yake. Tulisikiliza watu wakipita ndani ya lifti nyuma ya ukuta, wanacheka jambo lao. Kisha aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba, sikuwahi kuisikia hivyo:

"Itarudi?"

Hilo mwalimu hakuliuliza. Alipiga hesabu ya alichokikosa, basi. Mama na Dada huliogopa, wanalizunguka. Huyu alilishika mikononi na lilikuwa linamchoma.

"Sijui," nikamwambia. "Hata daktari hajui. Wanapima kila miezi sita. Kila nikienda, wiki nzima kabla sili vizuri."

"Kipimo kingine lini?"

"Jumatano, si ya wiki ijayo, ile inayofuata."

"Kabla ya harusi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa uende peke yako?"

"Na Dada. Anaachwa nje mlangoni. Huko ndani huwa naingia peke yangu."

Mkono wake mkubwa ulipanda ngazi moja, ukaushika wangu, haukuubana.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Nitaomba ruhusa kazini. Kama utataka niingie, nitaingia. Kama hutaki, nitakaa na Dada nje."

Nikalia hapo. Kilio kibaya, cha makamasi, si kile kizuri cha kwenye harusi. Aliniachia nilie. Nilipopata sauti nikauliza, "Na mama yako?"

"La mwili wako ni lako. Ukitaka ajue, ajue kwa mdomo wako, siku yako. Akiniuliza tena nitamwambia mwalimu alikuwa mjinga, na hapo sitakuwa nimesema uongo hata kidogo."

Mlango wa juu ukafunguka. Kichwa cha bibie kikachungulia, miwani inaning'inia.

"Jamani, maharusi wangu. Sitaki kuwaingilia. Ila zimebaki dakika nane."

Kikarudi ndani. Fundi aliniinua.

"Basi makoti," alisema. "Nitaziangalia hizo lifti zao, labda nitajifunza kitu."

Nilifungua mdomo kusema asante. Kilichotoka ni kingine, na kilinishangaza mimi kwanza.

"Kisiwani."

"Usinifanyie hisani."

"Si hisani. Miaka minne nimevaa koti, Fundi, hata siku za joto. Sitaki kupanda ndege kwenda kuvaa jingine. Nitakaa mchangani na gauni langu, pasipo na dari. Wewe utaogelea, mimi nitakutazama."

Fundi alijikuna kisogo. Akatazama chini, akatazama juu.

"Kuogelea? Nani?"

"Wewe."

"Mimi sijui kuogelea."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Alikuwa mkavu kabisa.

"Maji yakinipita magoti naanza kutubu dhambi," alisema. "Nilitaka tu kukaa niyatazame, na hata zile chemchemi ningetumbukiza miguu tu. Nani alikwambia mimi naogelea?"

Hakuna aliyeniambia. Wiki mbili nimekonda, Mama amepanga mikakati kama jenerali, nimeuchongea mchanga, nimemkwaza mtu mzima mbele ya watu, kwa ajili ya maji ambayo bwana mwenyewe anayaogopa. Kicheko kilinitoka tumboni, kikanishika mpaka kovu likaniuma, nikaegemea ukuta. Naye akaanza, kwanza kwa kujizuia, maana alikuwa bado na hasira yake, kisha akashindwa. Tukacheka na kujifuta machozi, sijui yapi yalikuwa ya nini.

Tulipoingia ofisini bibie alitutazama, macho mekundu sote wawili, pumzi juu juu. Akashika karatasi zake kwa woga.

"Kwa hiyo... nifute?"

"Usifute," nikasema. "Andika kisiwani. Watu wawili."

Akaandika haraka kabla hatujabadilika, akanisogezea fomu. Nilichukua kalamu. Jumatano ile ilikuwa bado mbele yangu, na mama yake, na Mama yangu ambaye alikuwa nyumbani akisubiri kusikia habari za makoti. Mkono ulinitetemeka mpaka fomu ikawa inacheza juu ya meza. Fundi hakuniuliza kwa nini. Aliweka kiganja chake juu ya karatasi, akaishikilia isisogee, mpaka nikamaliza kutia sahihi.